"Teneré" haipo: vitenzi 12 vya Kihispania na mdomo wa Mswahili

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi natembeza watalii, nakaa Tabata. Kihispania najifunza mwenyewe kwa simu, huu mwaka wa pili. Wakati uliopita nimeuvuka salama, ila wakati ujao umenikwamisha. Kuna vile vitenzi 12 vinavyogoma kufuata kanuni. Navikariri asubuhi kwenye daladala, nikishuka Posta navijua vyote, jioni nikikaa na mgeni vimeyeyuka. Juzi nilimwandikia mteja mmoja hivi: "Mañana teneré tiempo y veniré a las ocho. Cuando llegaré, te llamaré." Nilitaka kusema kesho nitakuwa na muda na nitakuja, nitakapofika nitakupigia. Akanirudishia vicheko. Hakuna njia nyingine zaidi ya kukariri? Na nikiamua kutumia "voy a" (naenda ku-) tu maisha yangu yote, nitapungukiwa nini?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Hesabu yako ya 12 ni sahihi: caber, decir, haber, hacer, poder, poner, querer, saber, salir, tener, valer, venir. Vingine utakavyokutana navyo ni watoto wa hawa hawa, nitawataja chini. Ila sikubaliani nawe kwamba kumbukumbu yako ndiyo mbovu. Mtu anayekumbuka bei za vivutio vyote na namba za madereva wote hawezi kushindwa na maneno 12. Kinachokuangusha ni mdomo, na mdomo haujifunzi kwa kusoma orodha kimyakimya kwenye kiti cha dirishani.

Mimi yalinikuta Havana nikiwa mwanafunzi. Karibu na bweni letu palikuwa na bibi mmoja aliyenizoea, jioni napita kwake kunywa kahawa. Siku hiyo nikataka kumwambia kesho nitakuja na rafiki yangu. Kitabuni nilishasoma kwamba "nitakuja" ni "vendré". Nikafungua kinywa, likatoka "venderé". Bibi akaweka kikombe chini, akaniuliza: "¿Y qué vas a vender?" Unataka kuuza nini? Kwa sababu "venderé" ni neno halali kabisa, ni wakati ujao wa "vender", kuuza. Nikamjibu kwa kujiamini, hapana, hakuna kitu, venderé tu hapa kwako. Alicheka mpaka akaita majirani. Wiki haijaisha nikamwambia mwingine "tenderé hambre", nikidhani nasema nitakuwa na njaa, kumbe "tender" ni kuanika nguo. Nilikuwa naahidi kuanika njaa kwenye kamba.

Angalia sasa kosa lako na langu. Wewe uliiacha irabu pale pale ilipokuwa kwenye kamusi, ukasema "teneré". Mimi niliiondoa, halafu nikaipenyeza mahali pengine, nikasema "tenderé". Ugonjwa ni mmoja. Kiswahili hakipendi konsonanti mbili zikae pamoja hivi hivi, ndiyo maana mzungu alikuja na "driver" sisi tukamfanya dereva, akaja na "club" tukampa kilabu. Tunachomeka irabu tupate pa kupumulia. Vitenzi hivi 12 vimefanya kinyume chake: vimetupa irabu. Kwa hiyo kila mara unapotaka kusema "tendré", mdomo wako unamrudishia Mhispania kitu alichokwisha kukitupa miaka mingi sana iliyopita.

Kwa nini alikitupa? Hapa nitakaa kidogo, maana ukilielewa hili nusu ya orodha haihitaji tena kukaririwa. Wakati ujao wa Kihispania zamani ulikuwa maneno mawili. Kitenzi kama kilivyo kwenye kamusi, kisha kitenzi "haber", kuwa na: he, has, ha, hemos, habéis, han. "Cantar he", ninalo la kuimba, yaani nitaimba. Baadaye maneno hayo yakagandana yakawa "cantaré". Ukitoa ile "h" isiyotamkwa, na kwenye "habéis" ukatoa "hab" nzima, viambishi vyote vya wakati ujao unaviona: -é, -ás, -á, -emos, -éis, -án. Kwenye maandishi ya Kihispania cha zama za kati unakuta bado havijagandana vizuri, mtu anaandika "dar te he", nitakupa, neno "te" limekaa katikati kama abiria aliyebanwa na wawili.

Usiwacheke, kwetu ni hivyo hivyo. Ile "-ta-" ya "atakuja" wanaisimu wanaieleza kuwa ni "taka" iliyochakaa kwa kutumika. Na haijafutika: sema "atakayekuja", "kitakachotokea", utaikuta "taka" nzima imejificha humo ndani. Halafu muulize mgeni anayejifunza Kiswahili kwa nini tunasema "atasoma" lakini "atakula" na si "atala". Naye analalamika kwa mwalimu wake kama unavyolalamika wewe kwangu.

Basi, neno likisemwa mara nyingi sana linalika. "Poder he" likisemwa asubuhi mpaka jioni, vizazi kwa vizazi, ile "e" ya katikati isiyo na mkazo inamezwa, inabaki "podré". Ndiyo maana wakaidi ni hawa walioko mdomoni kila saa: kuwa na, kuweza, kutaka, kujua, kuja, kutoka, kuweka, kufanya, kusema. Zamani waliomeza irabu walikuwa wengi zaidi. Utakuta katika maandishi ya kale "morrá" mahali ambapo leo ni "morirá", na "bevrá" mahali pa "beberá". Vile visivyosemwa sana vikarudishwa kwenye mstari. Hawa 12 walishazoeleka, hakuna aliyeweza kuwarudisha.

Sasa ile "d" ya "tendré" imetoka wapi, wakati "tener" haina "d" hata moja? Hili ndilo Mswahili angepaswa kulielewa kuliko mwanafunzi mwingine yeyote. Niambie, mti ni mrefu, nyumba je? Hakuna anayesema "nyumba nrefu". Tunasema nyumba ndefu. Ulimi mmoja, wengi wake si "nlimi", ni ndimi. Ukiweka "n" mbele ya "r" au "l", ulimi unazaa "d" wenyewe, bila kuambiwa. Jaribu hapo ulipo: sema "n" uishikilie, kisha ruka haraka kwenye "r". Wakati wa "n" ncha ya ulimi imegota nyuma ya meno na pumzi inapita puani. Pua ikiwahi kuziba kabla ulimi haujaachia, kinachosikika ni "d". Basi. "Tener" ilipomeza "e" ikabaki "tenré", n na r zikagongana, "d" ikazaliwa: tendré. Tofauti yetu nao ni kwamba sisi "d" imekuja ikaichukua nafasi ya "r", wao wamebaki nazo zote mbili. (Zamani kuna waliotatua mgongano huo kwa kupindua herufi, wakaandika "terné" na "porné". Haikudumu.)

Ukishajua hilo, huna haja ya kukariri nani anachukua "d" na nani hachukui. Angalia herufi inayobaki mbele ya "r" baada ya irabu kutoka. Ikiwa "n" au "l", panahitajika daraja: poner, tener, venir, salir, valer, ndiyo pondré, tendré, vendré, saldré, valdré. Ikiwa ni "b" au "d", sauti zinapita zenyewe bila daraja: caber, haber, saber, poder, ndiyo cabré, habré, sabré, podré. Querer inabaki na "r" mbili, querré. Waliobaki ni wawili, decir na hacer, ambao wamemeza zaidi ya irabu: diré, haré. Hao wawili wakariri tu, na kwa jinsi utakavyovitumia, wiki moja inatosha.

Mdomo tunautibu vipi? Usiniambie Mswahili hawezi kutamka "dr". Kijiweni kwenu vijana wanacheza nini jioni? Drafti. Hakuna anayesema "derafti". Bodaboda anashika nini akiona tuta? Breki. Basi "tendré" ina "dr" ile ile ya drafti, na "sabré", "habré", "cabré" zina "br" ile ile ya breki. Anza na neno la kijiweni, ndipo uhamie la Kihispania: drafti, dré, tendré, breki, bré, sabré. Kuhusu "querré", hiyo "rr" iungurumishe kama mtoto anayeigiza pikipiki, kwa sababu ukiilegeza kwenye maneno mengine itakuletea shida. "Querría" ni ningetaka, "quería" ni nilikuwa nataka, na kinachozitenganisha ni huo mngurumo tu.

Nina kipimo kimoja ninachowapa wanafunzi wangu, cha makofi. Piga kofi kwa kila silabi. Kitenzi kinachofuata kanuni kinaongeza kofi moja kikiingia nafsi ya kwanza ya wakati ujao: co-mer makofi mawili, co-me-ré matatu. Mkaidi haongezi. Te-ner mawili, ten-dré mawili. Ha-cer mawili, ha-ré mawili. Wote 12 ni mawili kwa mawili. Kwa hiyo ukijisikia umepiga matatu kwenye "nitakuja", ujue umekuwa mfanyabiashara. Mkazo nao uweke mwishoni. Sisi tumezoea kukandamiza silabi ya pili kutoka mwisho, na kwenye wakati ujao wa Kihispania aliyekaa tunavyotaka sisi ni "-emos" tu: tendremos ndiyo peke yake inayokubali desturi yetu, na ndiyo peke yake isiyo na alama juu ya irabu ya kiambishi. Wengine wote wanamalizia kwa nguvu. Unajua barabara ya kupita na barabara ya "sawasawa kabisa" zinavyotofautishwa na mkazo tu. Kwao ni mambo ya kila siku, "hablará" ni atazungumza, "hablara" ni habari nyingine kabisa.

Lakini usije ukanogewa ukaanza kumeza irabu za kila mtu. "Deber" inafanana na "saber" kwa sura, ila ni "deberé". "Perder" ni "perderé", "doler" ni "dolerá". Na wale wakorofi wa wakati uliopo, ser, ir, estar, dar, ver, waliokutesa mwanzoni, huku wametulia kama maji ya mtungi: seré, iré, estaré, daré, veré. Kuhusu watoto niliokuahidi: mantener, obtener, suponer, proponer, convenir, sobresalir, deshacer, wote wanamfuata mzazi, yaani mantendré, supondré, desharé. Hata "satisfacer" ambayo haifanani sana na "hacer" ni "satisfaré". Walioasi ni "bendecir" na "maldecir", wao wameamua kuwa watiifu: bendeciré, maldeciré.

Kitu kingine usichokiuliza lakini utakipenda: shina hilo hilo ndilo linalobeba "-nge-" ya Kihispania. Tendría, podría, vendría, haría. Ukishapata "podré", umepata bure "¿podría...?", ambayo kwa kazi yako ya kuongea na wageni kwa adabu utaitumia kuliko "podré" yenyewe.

Sasa "voy a". Ukweli ni kwamba mitaani, hasa Amerika ya Kilatini, watu wanasema "voy a venir" kuliko "vendré", na hakuna atakayekushangaa. Mwanafunzi wa miezi 6 mimi mwenyewe namwambia atumie hiyo aendelee na safari. Wewe wa mwaka wa pili nikikuambia hivyo nitakuwa nakudanganya. Barua pepe ya hoteli, tangazo la uwanja wa ndege, utabiri wa hali ya hewa, huko "habrá" na "podrán" ndizo zinazotawala. Na lipo jambo ambalo "voy a" haliwezi vizuri, nalo wewe unalo tayari katika Kiswahili chako: kukisia. Simu ya dereva haipokelewi, unasema "atakuwa anaendesha". Huongelei kesho, unaongelea sasa hivi, unabahatisha. Mhispania anafanya vile vile: "estará conduciendo". Mgeni amenuna tangu asubuhi, "tendrá hambre", atakuwa na njaa. "¿Qué hora será?" "Serán las tres." Mwanafunzi kutoka lugha nyingine hapo anahitaji somo zima. Mswahili anafasiri tu neno kwa neno na inakubali, jambo ambalo halitokei mara nyingi, kwa hiyo lifaidi.

"Habrá" nayo ni ndugu wa "kutakuwa na". Kutakuwa na mkutano, kutakuwa na mikutano, "ku-" haibadiliki hata wakija mia. Kwao pia: habrá un problema, habrá problemas. Ukimsikia mtu anasema "habrán problemas", na utawasikia hata wenye lugha yao, wewe usifuate.

Orodha ya alfabeti itupe. Badala yake nimekuandikia siku moja ya kazi yako, safari ya Bagamoyo, na wote 12 wamo humo:

"Mañana saldremos del hotel a las siete. Vendré por ustedes a las siete menos cuarto y pondré las maletas en el carro. No sé si cabrán todas. Tendremos unas dos horas de camino. En Kaole habrá un guía y él les dirá la historia de las ruinas. Podrán sacar fotos. Allí sabremos cuánto cuesta la entrada. Después haremos una parada, porque querrán comer pescado. Valdrá la pena."

Yaani: kesho tutatoka hotelini saa moja asubuhi. Nitawajia saa moja kasorobo na nitaweka mizigo garini. Sijui kama yote itaenea. Tutakuwa na safari ya kama saa mbili. Kaole kutakuwa na mwongozaji, atawaeleza historia ya magofu. Mtaweza kupiga picha. Huko tutajua kiingilio ni shilingi ngapi. Baadaye tutasimama mahali, maana mtataka kula samaki. Mtafurahi mmekuja. (Mteja akiwa wa Madrid, "carro" ifanye "coche", na kama mnazoeana, "podrán" iwe "podréis".)

Kisome kwa sauti, ujirekodi kwenye simu, ujisikilize ukihesabu makofi. Kesho yake badilisha, iwe Mikumi, au boti ya Zanzibar. "Caber", yaani kuenea mahali, ambayo vitabu vinaiacha mwisho kabisa kana kwamba haina kazi, mimi naipenda kwa mtu wa Dar. Ukiwa kituoni Tabata saa 12 asubuhi, daladala limeshajaa mpaka mlangoni na konda bado anaita watu, jiulize kimoyomoyo: "¿Cabré?", nitaenea? Likikupita hujapanda, "no cabía", nilikuwa sienei. Hutaisahau tena.

Nimalizie sentensi yako ya juzi. Mbili umeshazijua: tendré, vendré. "Te llamaré" uliipatia. Kosa la tatu lilitoka moja kwa moja kwenye Kiswahili: "nitakapofika" ina wakati ujao ndani yake, kwa hiyo ukaandika "cuando llegaré". Wao baada ya "cuando" ya jambo ambalo bado halijatokea hawaweki wakati ujao, wanaweka hali ya shaka, "cuando llegue". Na baada ya "si" ya sharti wanaweka wakati uliopo, "si tengo tiempo, iré", kama sisi tunavyosema "nikipata muda" na si "kama nitapata". Kwa hiyo iandike upya: "Mañana tendré tiempo y vendré a las ocho. Cuando llegue, te llamaré."

Ila kabla hujaituma, hiyo "a las ocho" ulikuwa unamaanisha saa ngapi? Kama ni saa nane mchana ya kwetu, andika "a las dos", la sivyo mgeni atakuwa amesimama mapokezi na begi lake tangu saa mbili asubuhi.